Kabla hujaandika tena kuhusu Waviking

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimemaliza kusahihisha insha zenu kuhusu hawa mabaharia wa kale wa Skandinavia. Poleni, na mimi nipeni pole.

1. Kofia za pembe acheni. Ni mavazi ya opera ya karne ya 19.

2. Mwaka ulioandikwa kwenye dirhamu, sarafu ya fedha ya Waislamu, ni wa kupigwa kwake, si wa kufukiwa. Hazina ya Spillings, fedha iliyofukuliwa kule Gotland, kisiwa cha Sweden, ina sarafu za vizazi kadhaa. Changa kabisa ni ya 870/871, basi haikufukiwa kabla ya hapo. Na mwaka wa hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, mgeuze uwe wa Kikristo, jamani! Kuna mtu amepeleka dirhamu Sweden enzi za Warumi.

3. Mnaendelea kuwatenga "wafanyabiashara" na "wavamizi". Hapa nafoka kwa haki, maana nilishachemka mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwamba upande wa mashariki Waviking walikuwa watu wa soko tu: mizani mfukoni, fedha ya Wasamani, watawala wa Kiislamu wa Asia ya Kati, kutoka Samarkand, kila kipande kikipimwa kwa uzito. Ukatili niliuacha magharibi, kwenye monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, waliyoivamia mwaka 793. Nikaisoma semina nzima kwa mbwembwe.

Mwalimu akauliza, "Hizo dirhamu walilipwa kwa kuuza nini?"

"Manyoya, nta, asali."

"Na nini tena?"

Kimya. Na Ibn Fadlan nilikuwa nimemnukuu! Mjumbe huyo wa khalifa aliwaona Warus, ndio Waviking wa mashariki, kwenye mto Volga mwaka 922. Anamweleza mmoja wao akisujudu mbele ya nguzo ya mti iliyochongwa uso, akiitajia idadi ya vijakazi na ngozi alizokuja nazo, akiomba mnunuzi mwenye dinari na dirhamu tele asiyebishana bei. Nilizichukua ngozi, vijakazi nikawaruka. Nukta tatu, hivi, katikati ya nukuu. Mwalimu alizizungushia kalamu nyekundu, hakuandika neno.

Na magharibi vilevile: mwaka 821 Waviking walivamia Étar, jirani na Dublin, wakaondoka na wanawake wengi. Bidhaa ilipatikana hivyo. Kwa hiyo ukiona nukta tatu kwenye nukuu ya mtu, fungua chanzo.

4. Kumbukumbu za watawa zisomeni mkijua wao ndio walioibiwa.

5. Paris, 845: Charles Mpara, mfalme wa Wafranki, anawalipa Waviking ratili 7,000 za fedha ili waondoke. Wizi au biashara? Njooni na jibu Alhamisi, na atakayeleta jedwali la safu mbili atalisoma amesimama.