Maswali ya Wasomaji: Nani Aliyewahesabu Watu wa Afrika?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu kimoja cha zamani cha historia nimekuta jedwali linaloonyesha kwamba Afrika ilikuwa na watu milioni 100 mwaka 1650, na kwamba hadi mwaka 1850 idadi ilikuwa ileile, ilhali Ulaya na Asia zilikuwa zimeongezeka sana. Mwandishi anasema chanzo ni biashara ya utumwa. Naomba kufahamishwa: nani aliyewahesabu watu hao? Na wakoloni walipokuja, watu walipungua au waliongezeka?
Msomaji wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna aliyewahesabu. Milioni 100 unayoitaja chimbuko lake ni makisio ya Giovanni Battista Riccioli, padre Mjesuiti wa Italia na mtaalamu wa elimu ya nyota wa karne ya 17. Wataalamu wa takwimu wa karne ya 20, kwa kukosa kingine cha kushika, waliichukua tarakimu hiyo na kuijaza katika miaka mingine ya jedwali. Watu wakionekana hawakuongezeka kwa miaka 200, basi ni kwa sababu tarakimu moja ilinakiliwa tena na tena.

Hata hivyo, hoja ya mwandishi haianguki pamoja na jedwali lake, kwani ushahidi wenye nguvu zaidi upo kwingine. Kumbukumbu za meli zilizovuka Atlantiki zimewawezesha watafiti kukadiria kwamba Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa, na kama milioni 10.7 tu ndio walioshushwa wakiwa hai. Humo hawamo waliouawa vijiji vilipovamiwa, wala waliokufa njiani kabla ya kufika pwani. Hesabu ambazo Wareno walizifanya Angola mwishoni mwa miaka ya 1770 zinaonyesha jambo linalopaswa kutazamwa kwa makini: miongoni mwa watu wazima, wanawake walikaribia kuwa mara mbili ya wanaume, kwa kuwa wanunuzi wa Atlantiki walipendelea wanaume. Huku kwetu mashariki, ambako njia zilielekea Zanzibar na Bahari ya Hindi, wanawake na watoto walitakiwa zaidi, na hasara ya namna hii kwa idadi ya watu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu msichana anayechukuliwa akiwa na miaka 15 anaondoka na watoto wote ambao angewazaa.

Ujiji imepata jina duniani kwa sababu ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871, nami naona ni kama tumeshika mkia tukaacha ng'ombe. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Julai, Livingstone alishuhudia huko Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika nchi ya Manyema, watu wa wafanyabiashara wakifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa akina mama waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengine wakizama mtoni. Nchi inayoishi katika hofu ya namna hiyo hupoteza watu wengi kuliko wanaofungwa minyororo, maana mashamba huachwa na njaa huingia. Misafara nayo ilibeba ndui na kipindupindu kutoka kambi hadi kambi.

Kuhusu wakoloni, jibu ni yote mawili, ila kwa zamu. Kwa maoni yangu, kipindi kibaya zaidi kwa Tanganyika, pengine kuliko enzi ya misafara yenyewe, ni ile miaka 30 hivi iliyoanza 1890. Kwanza sotoka iliteketeza ng'ombe. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua, hasa kwa njaa iliyosababishwa na majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, watu ambao serikali yao yenyewe iliwakadiria kuwa 75,000, na wanahistoria wa baadaye wakataja hadi 300,000. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, ambao waliiteka Tabora Septemba 1916, wote walikamata watu wa kubeba mizigo, na homa ya mafua ya 1918 ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Palipohamwa na watu pakaota pori, na pori likaleta mbung'o na malale. Ndiyo maana katika sehemu za Buha na Unyamwezi serikali ya Waingereza iliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi maalumu, hasa miaka ya 1930. Vijana wa Kiha nao walikwenda kwa wingi kukata mkonge Tanga, wakiacha wake nyumbani.

Baada ya hapo watu waliongezeka. Makisio ya 1921 yalikuwa kama milioni 4.1, sensa ya 1948 ikapata karibu milioni 7.5, na ile ya 1967 karibu milioni 12 kwa Tanzania Bara. Usilichukulie ongezeko lote hilo kuwa ni uzazi na dawa, kwani hesabu za mwanzo zilikwenda sambamba na orodha za kodi, na mtu aliyekimbia kodi hakuwa na sababu ya kujitokeza ahesabiwe.

SWALI: Je, wote waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani walikuwa watumwa?
Msomaji wa Tabora mjini

JIBU: La. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru waliolipwa kwa vitambaa na shanga, na walikuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo. Lakini wanaume hao wakiwa safarini kwa miezi mingi, mashamba ya Unyanyembe, yaani nchi inayoizunguka Tabora, yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa, wengi wao wanawake walioletwa kutoka Manyema na kwingineko. Kwa hiyo Tabora ilipata watu wakati Manyema ikiwapoteza, na watoto waliozaliwa na wanawake hao walihesabika kuwa Wanyamwezi.