Nikipigwa roba usiku, judo itanifaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, nyumbani ni Fuoni. Zamu ikichelewa, gari ya wafanyakazi inanishusha barabarani saa nne usiku, na mpaka nifike mlangoni ni dakika kumi za kiza. Mwezi uliopita mtu alinijia nyuma akanipiga roba. Nikamng'ata, akaniachia, akakimbia na mkoba. Sasa nataka kujifunza judo. Kaka yangu ananicheka, anasema judo ni mchezo wa kukumbatiana na kupewa medali, bora nijifunze ngumi. Nani mkweli?
Msomaji, Fuoni, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kumng'ata ulifanya vizuri. Huu mkanda mweusi wangu hauna la kukukosoa hapo.

Kaka yako kasema kweli, lakini nusu. Nianze na hiyo roba, maana ndiyo iliyokuleta. Sisi tunaiita hadaka-jime, na mwanafunzi hukabwa hivyo mara nyingi mpaka akaizoea. Anayekabwa mara ya kwanza hurusha mikono nyuma kuutafuta uso wa mtu, na huko ndiko muda unakopotelea. Mishipa ya pande mbili za shingo ikibanwa damu haipandi kichwani, na ndani ya sekunde chache mtu anazimia. Aliyezoea, mikono yake miwili hupanda yenyewe, ikaudaka ule mkono na kuuvuta chini kifuani. Kidevu hujichimbia penye kiwiko, makalio yanashuka. Umepata pumzi. Baada ya hapo, mtu aliyekulalia mgongoni ameshakupa uzito wake, na ukiinama ukageuza nyonga anaweza kupita juu ya bega lako. Hilo la mwisho nakwambia ulijue, usilitegemee. La pumzi ndilo la kulitolea jasho.

Kuhusu kukumbatiana: Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliyefungua skuli yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mfupi na alionewa sana alipokuwa skuli. Alichofanya ni kuyatenga mapigo ya hatari na kuyaweka kwenye kata, yaani mazoezi ya kupangwa. Yaliyobaki akaacha watu wayafanye kwa nguvu zao zote, dhidi ya mtu asiyekubali kuanguka. Ndiyo randori. Aliyefundishwa kutoboa macho hajawahi kumtoboa mtu hata mmoja. Wewe ukija kwenye mazoezi, kila wiki utashikwa na watu wanaotaka kweli kukulaza chini, mpaka kushikwa kwenyewe kusikushtue. Ile sekunde mbili ya kuganda kwa woga ndiyo mwizi anayoitaka.

Sasa nusu ya kaka yako. Mwaka 2009, nikiwa na mkanda mpya na kiburi chake, bwana mmoja pale Darajani alinikamata ukosi wa shati kwa ugomvi wa chenji. Nikamkata mtama, ule tunaouita o soto gari, huku nimemshikilia mkono wa shati ili kichwa kisipige saruji. Safi kabisa, watu wakapiga mbinja. Kisha nikafanya upumbavu. Nikamlalia kifuani nikambana, kama vile tuko mashindanoni, ambako ukimbana mtu mgongo chini sekunde 20 unapewa ushindi. Refa hakuwepo. Aliyekuwepo ni ndugu yake, na kiatu chake kilinivunja mbavu mbili. Tangu siku hiyo nafundisha hivi: ukimwangusha mtu, wewe unaondoka. Na ukiweza kuondoka bila kumwangusha, bora zaidi. Kwenye godoro anainuka anacheka, lakini kwenye mawe ya Mji Mkongwe huenda asiinuke, na wa kueleza polisi utakuwa wewe.

Kuna na suala la nguo. Judo imejengwa juu ya koti nene la pamba, na hapa kwetu watu wanatembea na fulana. Ukimvuta mtu fulana, inakubakia mkononi. Ndiyo maana siku moja kwa wiki wanafunzi wangu huvua makoti, wakajifunza kushika kifundo cha mkono, kwapa na nyuma ya shingo. Tena hurudia kushika miguu, jambo ambalo shirikisho la kimataifa lilianza kulikataza kwenye mashindano mwaka 2010. Mwizi hajaisoma hiyo kanuni. Na ukifikiri vizuri, mwenye koti ni wewe: buibui na mtandio ni mpini wa kukushikia. Mtandio usiuzungushe shingoni mara mbili. Ubane kwa kitu kinachoachia ukivutwa.

Kikitoka kisu, mpe mkoba. Wakiwa wawili juu ya vespa, mpe mkoba. Kodokan wenyewe walitunga mwaka 1956 kata ya kujihami yenye kisu, fimbo na bastola ndani yake. Naipenda na naifundisha, lakini humo unajua mwenzako atakuja na mkono gani.

Kwangu mimi, judo iliyonifaa zaidi nje ya ukumbi ni kuanguka. Masika moja niliteleza na vespa Mwanakwerekwe. Mkono haukutangulia mbele, kidevu kilikwenda kifuani, nikabiringika kwa bega nikasimama nikiwa nimechubuka kiwiko tu. Wewe ukisukumwa kwenye kiza utahitaji hiyo kabla ya kitu chengine chochote, na hujifunzwa mwanzo, ndani ya wiki chache. Kumwangusha mtu mzima anayekataa ni mwaka, pengine zaidi.

Ngumi nazo ni nzuri. Zinakuzoesha kupigwa usoni bila kufumba macho, na judo haina dawa ya hilo. Ila huku kwetu zilipigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume mpaka ziliporuhusiwa juzijuzi tu, kwa hiyo huyo kaka yako sijui kajifunzia wapi. Mwambie aje naye kwenye godoro tumkumbatie.

Na kabla ya yote hayo, mwombe dereva akushushe karibu na mlango.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 anaonewa skuli. Nikimpeleka judo, hatageuka mgomvi?
Baba, Wete, Pemba

JIBU: Wiki za mwanzo hafundishwi kuangusha, anafundishwa kuanguka, kwa hiyo hata akitaka ugomvi hana cha kwenda nacho. Mpeleke. Mwalimu wake wa darasa naye mwone kesho asubuhi, usingoje mkanda.