Nilimsahihisha mzee kwenye kundi la WhatsApp, sasa naitwa mtoto wa juzi

Shangazi, shikamoo. Naishi Köln, Ujerumani, mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku, kijana aliyefika karibuni aliuliza anahitaji makaratasi gani kwenda kujiandikisha makazi, ile Anmeldung. Mzee mmoja aliyekuja mwaka 2004 akamjibu: pasipoti na mkataba wa nyumba, karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake haidaiwi. Nikaandika: "Hiyo si kweli. Tusipotoshe watu." Nikaweka na kiungo cha manispaa. Ikawa vita. Nimeitwa mtoto wa juzi, nimeambiwa najifanya Mjerumani kuliko Wajerumani. Nilikosoa maneno, sikumkosoa mtu. Mbona wamelichukulia kama tusi? Nilitoka kwenye kundi usiku uleule, na sasa naogopa hata kukutana nao.
Mwenye Dukuduku

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kijana aliyeuliza, maana katika ugomvi wenu hakuna aliyemkumbuka. Sheria inampa wiki 2 tangu ahamie, na akipitiliza anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Mtafute leo. Mwambie aende na pasipoti na karatasi iliyojazwa na kusainiwa na mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi ya karatasi hiyo. Hapo ulikuwa sahihi, na usikubali mtu akufanye ulijutie hilo.

Sasa mzee wako. Naye hakutunga. Ujerumani iliacha kudai karatasi ya mwenye nyumba mwaka 2002, ikairudisha tarehe 1 Novemba 2015 sheria mpya ya uandikishaji ilipoanza kutumika. Aliyefika 2004 alijiandikisha bila hiyo karatasi, na kwa miaka 11 kila mgeni aliyeelekezwa hivyo alipita salama. Aliposoma "si kweli" hakuona habari za sheria. Aliona binti wa mwaka wa pili akimwambia kwamba aliyoyapitia mwenyewe ni uongo. Ukaongeza la kupotosha watu, yaani ukamweka pamoja na wadanganyifu mbele ya kundi zima. Hapo uliyavuka maneno ukamgusa mtu, ingawa hukukusudia.

Halafu fikiria anacho nini huko. Wengi wanaohamia Ulaya hupoteza hadhi kabla ya kupata chochote. Mwalimu anaishia kupanga mizigo ghalani, vyeti vyake vinasubiri kutambuliwa, na lugha inamfanya mtu mzima aongee kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyumbani mtu akipingwa kwenye kikao bado ana ukoo, ana kazi, ana msikiti au kanisa, ana majirani wanaojua yeye ni nani. Huko kundi lile huenda ndipo mahali pekee anapoitwa Mzee na kuulizwa jambo. Cheo chake ni kujua njia za ofisini. Ukimwambia hazijui, na watu wanasoma, hana pengine pa kwenda kuheshimiwa jioni ile.

Na wale waliomtetea hawakuwa wakitetea karatasi. Ugenini mtu hurekebishwa kutwa: msimamizi wa kazi, karani, jirani mwenye maneno kuhusu pipa la takataka na kelele za Jumapili. Akifungua simu usiku anataka kuwa miongoni mwa wake. Ujumbe wako ulikuja bila salamu, na kiungo cha serikali chini yake, ukasikika kama wale wa mchana. Ndiyo maana wakakuita Mjerumani.

Maandishi nayo yalichangia. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba anayeandika barua pepe huamini kupita kiasi kuwa msomaji ataipata sauti aliyokusudia, kwa sababu mwenyewe anaisikia kichwani. Ungekuwa umekaa na mzee yule ungeanza na shikamoo, ungeteremsha sauti. Kundini yalifika maneno 5 tu.

Siku nyingine bonyeza ujumbe wake, uchague kumjibu faraghani, uandike hivi: "Shikamoo Mzee. Asante kwa kumsaidia kijana. Karatasi ya mwenye nyumba haikuwa ikidaiwa hadi 2015, ila siku hizi wameirudisha. Utamwongezea wewe, au niandike mimi?" Tarehe ndiyo inayomwokoa: alikuwa sahihi, sheria ndiyo iliyobadilika. Na lile swali linampa nafasi ya kujisahihisha kwa mdomo wake. Asipojibu ndani ya saa chache, au jambo likiwa la haraka kama viza au pesa, andika kundini, lakini ongea na aliyeuliza, usimnukuu mzee. Kinachoharibu zaidi ni kuchomeka kosa la pili alilofanya mwezi jana, kuweka vikatuni vya kucheka, au kumpigia picha ujumbe wake ukaupeleka kwa rafiki. Picha hizo hurudi. Ukishatuma ukaona umekuwa mkali, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri.

Kwa hili lililokwisha kutokea, mpigie simu. Usimwandikie, na usipige akiwa ametoka zamu ya usiku. Sema: "Samahani kwa kukusahihisha mbele ya watu kwa maneno yale." Usiseme "samahani kama umeudhika", maana hiyo inamrudishia yeye kosa. Usiiombee radhi sheria, wala usianze tena kuthibitisha. Akikukatia, mtume mtu wa rika lake anayemheshimu. Kijana mwenzako atalizidisha.

Mkishasikilizana, mwombe admini akurudishe, na umpendekezee jambo moja: maelekezo ya ofisini yaandikwe kwenye maelezo ya kundi, kila moja na tarehe ya mwisho lilipohakikiwa. Atakayeona jambo limepitwa na wakati atakosoa tarehe. Mzee akikubali, yeye na wewe mngeweza kuyapitia pamoja kila baada ya miezi 6.

Waliokutukana ni habari nyingine. "Mtoto wa juzi" si hoja, na kujua sababu ya hasira yao hakukulazimu kuivumilia. Usiwajibu kundini. Wakirudia, mwandikie admini afute ujumbe huo. Uwezo huo anao hata kwa ujumbe wa mtu mwingine. Akikataa, toka. Siku hizi WhatsApp huwajulisha maadmini peke yao mtu anapotoka, na wageni wanaohitaji msaada wako bado unaweza kuwaandikia mmoja mmoja.