Kitabu cha darasani nakichagua kwa mdomo

Mwaka wangu wa kwanza na darasa la tatu, huku Lindi vijijini, niliwasomea wanafunzi hadithi iliyojaa theluji. Kitabu kilitoka kwenye boksi la msaada, karatasi zinateleza, picha zinang'aa. Ukurasa wa pili tu, kidole juu: “Mwalimu, theluji ni sufi?” Nikaeleza barafu, nikaeleza friji, nikapanda mpaka Kilimanjaro. Kengele ya mapumziko ikagongwa, na yule mtoto wa kwenye hadithi hajatoka hata mlangoni kwao.

Theluji sina ugomvi nayo, watoto wanapenda mambo ya mbali. Kosa langu ni kwamba nilipenda picha nikakibeba, bila kukisoma.

Siku hizi kitabu hakiingii darasani kabla sijakisoma kwa sauti nyumbani, jioni, mbele ya mwanangu wa miaka saba na wenzake waliokuja kucheza. Ulimi hauna aibu. Sentensi ndefu itakukata pumzi, na tafsiri mbovu utaisikia papo hapo, maana watu wanaongea kama tangazo la redio. Watoto wakianza kuchokonoa mkeka, naweka alama ya penseli pale. Wakiuliza “halafu?”, basi kesho naenda nacho.

Naangalia pia ukurasa wa mwisho. Ukianza na “hadithi hii inatufundisha”, nauruka. Bibi zetu walitusimulia sungura na fisi usiku kucha bila kutueleza kwamba fisi ni mlafi.

Na usiishie kwenye hadithi. Kitabu kilichowahi kulichangamsha darasa langu kuliko vyote kilikuwa chembamba, cha maarifa, kinahusu dinosaria. Kilitaja mifupa ya mjusi mkubwa iliyoko makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ilikotoka, kimya. Nikakifunga nikawaambia: ilitoka Tendaguru, mkoa huu huu wetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia, mamia ya vibarua wa huku wakachimba, wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za mguu mpaka bandarini Lindi. Kimo chake pale ilipounganishwa kinazidi mita 13. Tukachukua kamba, tukapima mita 13 uwanjani, tukailaza chini kuanzia ngazi ya ofisi. Wakaanza kulala wenyewe kando ya kamba, kichwa kwa miguu, kuhesabu mjusi ni watoto wangapi. Mvulana mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake akauliza, “Sasa waliobeba walipewa nini?” Wiki nzima kitabu kile kikagombaniwa, na mimi nikapata somo la historia ambalo sikuwa nimeliandalia.

Najua utaniambia vitabu havitoshi. Kwangu wako sabini na kitu, na nakala za kitabu kimoja zikifika kumi nashukuru. Lakini ukiwapanga sita kuzunguka nakala moja mezani, wawili wanasoma kichwa chini. Watandikie mkeka, wakae upande mmoja wa kitabu, anayefunua kurasa awe katikati. Ni jambo dogo, nimechukua miaka miwili kuligundua.

Kuazimisha ndiko kulikonitia hofu. Mwanzoni nilivifungia vitabu kwenye sanduku la mbao stoo visichafuke. Mchwa wakavimaliza kabla ya darasa langu. Baada ya hapo vilivyofuata nilivivalisha majalada ya mifuko ya saruji, nikavishona mgongoni kwa mshipi wa kuvulia, nikafungua daftari la kuazima. Vinatoka Ijumaa, vinarudi Jumatatu.

Isipokuwa msimu wa korosho. Oktoba na Novemba familia nyingi zinahamia mashambani, na ukishikilia Jumatatu yako utagombana na kila mtu. Mwaka jana kitabu kimoja kilikaa wiki tatu. Kilirudi na doa la bibo kurasa nne, na doa la bibo halitoki hata kwa sabuni ya magadi. Nikamtazama yule binti, tayari kufoka. Akaniwahi: “Shikamoo mwalimu. Bibi anauliza kama kuna kingine cha fisi, hiki nimeshamsomea mara tano.”

Kilikuwepo kimoja, bado hakijavalishwa jalada. Nikampa hivyo hivyo.