Papa wa Lubumbashi na papa wa Dar

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya transiti, yaani kuvusha mizigo ya watu mpakani na hati zake, mwezi huu, jambo sana.

Nimeanza na "jambo" makusudi, maana ndilo lililonipa aibu ya kwanza katika kazi hii. Nilitumwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu na Zambia, kumpokea dereva aliyetoka Dar es Salaam na shehena ya salfa. Mtu mzima, mvi kichwani, kachoka kwa safari ya karibu kilomita 2,000. Nikamwendea kwa heshima yote niliyofundishwa na mama yangu kule Kenya, Kenya mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi. Nikainamisha kichwa, nikashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikanyoosha mkono na kusema: "Jambo, papa."

Akanitazama kwanza. Kisha akacheka mpaka akaegemea mlango wa gari. "Kijana, mimi mtalii? Halafu papa! Umeniona samaki?"

Kwao papa ni yule samaki mwenye meno, na "jambo" ni salamu wanayowapigia watalii. Kwetu jambo ni salamu ya kila asubuhi, na papa ni mwanamume yeyote mwenye umri wa kuweza kukuzaa. Siku hiyohiyo utingo wake, kijana mwenye adabu, alimwambia mkubwa wetu wa kazi "shikamoo". Mkubwa akajibu "aksanti". Utingo akabaki amesimama, akingoja kitu ambacho hakikuja. Jibu ni "marahaba", liwekeni kichwani leo.

Wengi wenu mnakuja mkiwaogopa Wachina, Wahindi na Waafrika Kusini, mkidhani ndiko ugumu uliko. Mimi nimechomwa zaidi na watu tunaosema nao Kiswahili. Ukizungumza na Mchina unajua kwamba huelewi, kwa hiyo unauliza, unachora, unamwita mkalimani. Ukizungumza na Mtanzania unadhani umeelewa, unafunga simu na kuondoka.

Chukueni mfano wa kuomba kitu. Sisi hapa tunasema "leta", "unipe", "tuma ile hati", na hakuna anayekasirika, kwa sababu heshima yetu haiko kwenye kitenzi. Iko kwenye "papa" na "mama" tunayoitanguliza, kwenye sauti, kwenye mkono. Mtu wa Dar heshima yake kaiweka kwenye "naomba". Anaomba hata kitu alichokwisha kukilipia. Sasa mwenzetu mmoja ofisini alimpigia wakala wa kule: "Tuma BL sasa, gari liko njiani." BL ni hati ya shehena ya meli. Kwa sikio letu, hiyo ni sentensi ya kazi tu. Kwa sikio la yule wakala, lilikuwa tusi. Hati haikuja siku hiyo wala iliyofuata. Nikapiga mimi, nikaulizia hali yake, hali ya nyumbani, joto la Dar, kisha: "Naomba unisaidie ile BL, ndugu yangu." Ilifika kabla sijamaliza chai. Hakuna hongo hapo, wala ujanja. Ni dakika tatu za maneno ambazo mwenzangu aliziona za bure.

Na msidhani hawa ndio wanaojipendekeza na sisi ndio tunaosema kweli. Wao nao wanatushangaa. Dereva mmoja aliniambia Wakongo wanasalimiana kama watu waliookoka ajali. Alikuwa ametuona asubuhi pale uani: kila anayeingia anapita kwa kila mtu, mkono mmoja mmoja, na marafiki wakigusanisha vichwa, kushoto, kulia, kushoto. Kwake ilikuwa ni kupoteza muda. Lakini mgeni akiruka hatua hiyo hapa kwetu, akaingia ofisini na kwenda moja kwa moja kwenye meza yenye faili lake, faili hilo lina namna ya kushuka chini ya mafaili mengine. Nimeliona likishuka, na mama aliyelishusha hakusema neno baya hata moja.

Basi nije kwenye lile ninalotaka mlijue kabla ya mengine. Vijana wakiambiwa wajifunze desturi za wageni, wanajifunza mikono: kadi ya jina inapokewa kwa mikono miwili, Mchina usimpe saa ya ukutani kuwa zawadi kwa sababu jina lake linafanana na maneno ya kuzika mtu, Mwislamu usimpe kitu kwa mkono wa kushoto. Ni vizuri kuyajua. Lakini katika miaka 14 sijaona mzigo hata mmoja uliokwama kwa ajili ya mkono. Mgeni ukikosea mkono watu wanacheka, wanakuelekeza, yanaisha. Kilichotugharimu pesa ni kutojua "ndiyo" ya mtu ina uzito gani.

Nilikuwa nafuatilia hati za magari sita ya katodi, yaani mabamba ya shaba safi, kwa kampuni moja ya Wachina. Jumatano nikamwuliza meneja, kwa mkalimani: "Hati zitakuwa tayari Ijumaa?" Meneja akasema kitu, mkalimani akasema "ndiyo". Nikayapeleka magari mpakani. Ijumaa, hakuna hati. Jumamosi, hakuna. Magari yakalala Kasumbalesa siku nne, madereva wakinipigia simu usiku, na kila siku ya kulala ina bei yake. Jumanne nilirudi kwa mkalimani nikiwa nimevimba. Akaniambia kwa upole kwamba meneja alisema "yinggai keyi". Ni kama kusema "itapasa iwezekane". Mkalimani, kijana wa hapahapa aliyesomea China, alifupisha kuwa "ndiyo" kwa sababu ndivyo nilivyouliza: swali langu lilikuwa na mlango mmoja tu.

Nikamlalamikia meneja mwenyewe. Hakukasirika. Alimimina maji ya moto kwenye kikombe chake (wale wanakunywa maji moto hata mwezi wa kumi, jua likichoma bati), akaniuliza: "Wewe ukiniambia 'kesho, hakuna shida', mimi nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yetu mnaijua. Fundi anayesema kesho, mama wa nyumba ya kupanga anayesema kesho, sisi wenyewe tukimwambia mteja kwamba karatasi iko mezani kwa mkubwa wa duane, yaani forodha, na inatoka kesho. Hatudanganyi. Tunakataa kumkatisha mtu tamaa usoni pake, na yeye akiwa wa hapa anajua: kesho iliyosemwa haraka ni ya juma lijalo, kesho iliyosemwa na saa yake ndani ni kesho kweli. Meneja yule alikuwa ameandika kesho zetu zote kwenye daftari kwa muda wa mwaka mzima. Kumbe wote wawili tulikuwa tunafanya jambo lilelile, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo.

Tangu hapo siulizi tena swali linalojibiwa kwa ndiyo. Siulizi "hati zitakuwa tayari?" Nauliza "hati iko mikononi mwa nani sasa hivi? Imebaki sahihi ya nani? Huyo mtu leo yuko ofisini?" Mchina, Mzambia, Mbelgiji, jirani yako wa Katuba, wote maswali hayo wanayajibu sawasawa, kwa sababu hayamlazimishi mtu kuchagua kati ya kukuudhi na kukudanganya. Kisha narudia tarehe kwa tarakimu na kutuma kwa ujumbe wa simu: Ijumaa tarehe 14, saa fulani, saa ya Lubumbashi.

Hilo la saa ya Lubumbashi msilisahau. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, naitwa kwenye mikutano ya simu na watu wa Dar, Nairobi na Kampala kuliko zamani. Wao wako mbele yetu kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, japo ni nchi moja. Lusaka tuko nayo sawa. Halafu Mtanzania akikuambia "saa tatu asubuhi" anahesabu tangu jua lichomoze, yaani saa yake ya simu inaonyesha 9:00, na hapa kwetu ni 8:00. Sisi ofisini saa tunazitaja kwa Kifaransa, kwa hiyo mtu akisikia "tatu" anaweza kufikiri mambo ya ajabu. Mwenzetu mmoja aliingia mkutanoni saa tisa alasiri, yaani 15:00 ya simu, amevaa tai.

Kwa Wachina tena, mawili kisha niendelee. Saa sita na nusu mchana usigonge mlango wao. Niligonga mara moja, nikagonga kwa nguvu zaidi, nikafungua: watu wanane wamelala, wengine juu ya vitanda vya kukunja, wengine vichwa mezani, taa zimezimwa, viatu vimepangwa. Nilikuwa nimeamsha ofisi nzima kwa ajili ya muhuri mmoja. Na mwaka wao mpya unahamahama: 2025 uliangukia tarehe 29 Januari, 2026 tarehe 17 Februari. Kama mteja wako anangoja vipuri kutoka kule, mwambie mapema, kwa sababu viwanda hufunga siku nyingi kuliko sikukuu yenyewe.

Wazambia ni rahisi kwetu, maana Kibemba kiko pande zote mbili za mpaka na nshima yao ni bukari yetu, ugali uleule. Mseme "mulishani, mukwai", mngoje mjibiwe. Mama mzee wa kule anaweza kukupigia makofi polepole, viganja vikiwa na tundu katikati, huku anapiga goti kidogo. Hakushangilii, anakusalimu, nawe punguza kimo. Wahindi wanaotikisa kichwa upande huu na ule wamekubali, au wamesikia, au wanafikiri. Hapo rudini kwenye maswali yangu. Mwafrika Kusini akikuambia kwa Kiingereza chake "sasa hivi", kaa chini uagize soda.

Kuna wenu pia mnaotoka Bukavu, Mbuji-Mayi na Kinshasa. Ninyi mtaambiwa mko nyumbani, na ni kweli nusu. Mtu wa Bukavu atasema bukari yetu ya mahindi haishibishi kama ile ya muhogo. Aseme, lakini asiseme mbele ya mama aliyeipika. Wa Kinshasa asianze kwa Lingala akiwa sokoni na kungoja ajibiwe. Watamjibu, ila bei nayo itamjibu. Kila mgeni, wa ndani au wa nje, afahamu dola za Marekani tunazotumia hapa: noti ikiwa na mpasuko wa ncha ya kidole haipokelewi. Dereva mmoja aliondoka kwa mama muuza vitoyo, wale samaki wakavu, akiwa na hasira, akidhani mama amemwita mwongo. Mama alikuwa anakataa karatasi tu, kwa sababu na yeye ingekataliwa kesho yake. Nilimbadilishia noti, nikaisaga ile yake kwenye vidole nikitafuta alipoona kasoro. Ilikuwa ndogo kama unyoya wa nzi.

Tafuteni mtu mmoja kwa kila upande atakayewasahihisha bila kuwacheka mbele za watu. Wangu wa Dar ni yule mzee wa papa. Wangu wa Wachina ni mkalimani yuleyule aliyefupisha; sasa hafupishi, ananipa neno zima hata nikiwa na haraka. Mimi nami namlipa kwa kumpa kesho yenye saa yake ndani.

Jumatatu tunakwenda Kasumbalesa wote. Ni kilomita kama 90, lakini tunaondoka alfajiri, 5:00 kwa saa ya simu. Mtasimama pale gari zinapovuka na mtazame magurudumu: upande wa Zambia wanapita kushoto, wakifika kwetu wanahamia kulia, katika hatua chache tu za lami, gari kubwa lenye tani 30 likihama polepole na dereva katoa kichwa dirishani kwa sababu usukani wake umebaki upande usiofaa. Hakuna anayebishana ni upande upi wa haki. Leteni kalamu, dola safi, na daftari la kuandika majina. Yule mzee wa Dar atakuwepo, ana magari mawili juma hili. Msimwamkie kwa jambo, na kwa ajili yangu msimwite papa.