Peugeot 504 iliyolala miaka 12: usianze na ufunguo

Ndugu uliyeuliza kama ufunge betri mpya na kupiga staata moja kwa moja: usithubutu. Huenda ringi (duara za chuma zinazozunguka pistoni) zimeshikana na kutu ndani ya silinda, na ukilazimisha zinavunjika. Ng'oa plagi zote 4, mimina kijiko cha chai cha oili nyepesi kila tundu, acha usiku kucha. Asubuhi zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), taratibu, mizunguko 2 kamili. Ikigoma, ongeza oili usubiri tena. Usirefushe spana kwa bomba.

Petroli ya zamani mwaga yote. Utaisikia inanuka kama vanishi, na huacha gundi ya kahawia inayoziba jeti (vitundu vidogo vya kupitisha petroli) za kabureta, kwa hiyo ifungue uisafishe. Mipira ya petroli iliyopasuka badilisha, isije ikamwaga juu ya injini ya moto. Pointi za distributa (vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche) zisugue kwa msasa laini, pengo milimita 0.4.

Weka oili na filta mpya. Plagi zikiwa bado nje na waya wa koili (inayokuza umeme wa plagi) umechomolewa, piga staata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe plagi.