Ukipeleka watoto kwa "yatima" Nairobi, jua kwanza ni yatima gani

Mavyaa alipopanda kutoka Mombasa kuja kutuona likizo ya Agosti, watoto walishamwahidi tembo. Tukapanda matatu ya Rongai pale Railways, nikamwambia konda atushushe kwa wanyama yatima. Akatushusha, tena kwa adabu. Tembo hawapo.

Kumbe yatima wa Nairobi ni wa aina mbili. Kuna kituo cha wanyama yatima cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kilichofunguliwa 1964, kwenye lango kuu la Mbuga ya Nairobi, Barabara ya Lang'ata. Hapo ni simba, chui, duma, fisi na wenzao. Halafu kuna ndama wa tembo wa Sheldrick, shirika linalolea tembo yatima. Hao wamo ndani ya mbuga hiyohiyo, lakini unaingilia upande mwingine kabisa, Barabara ya Magadi, na wageni huwaona saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, wakiwa wameshaweka nafasi. Sisi ilikuwa saa nne na nusu, nafasi hatuna, na mavyaa amevaa viatu vipya vinavyombana.

"Mwanangu, simba naye ni mnyama," akasema. "Tuingie."

Tungeingia mapema, lakini tiketi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, na mimi nywila nimeisahau. Nilisimama getini karibu nusu saa nikibadilisha nywila huku bando likiniishia. Lipia nyumbani usiku wa kuamkia safari, na kitambulisho usikiache, maana bei ya mwananchi si ya mgeni. Maji yabebe kwenye chupa ya kudumu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020.

Jua likishapanda, paka wakubwa hulala. Simba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku, na wetu alikuwa chali, miguu juu, tumbo wazi. Kitinda mimba akauliza kama amekufa. Aliyetuokoa ni duma, aliyekuwa akitembea kando ya waya, huku na huku. Alipokaribia tukasikia mkoromo, ule ule wa paka wa nyumbani akisuguliwa shingo, ila mzito zaidi. Duma hawezi kunguruma kama simba. Mavyaa, ambaye paka wake huko Kisauni hawahesabiki, alisimama pale muda mrefu kuliko watoto. Kwa hiyo fika asubuhi geti likifunguliwa, na ukimpata mnyama aliye macho usiharakishe watu kwenda kwa mwingine.

Chakula kifungie ndani ya mkoba wenye zipu. Mavyaa alikuwa na mahamri kwenye kikapu, yamefunikwa kwa kitambaa tu. Tumbili alishuka mtini, akainua kitambaa kwa vidole viwili kama mpishi anayechungulia sufuria, akachukua hamri moja, akapanda nalo. Hata hakukimbia.

Jirani ya kituo hicho tu kuna Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, ambako utamwona hata bongo, yule swala mwekundu mwenye michirizi myeupe. Ina tiketi yake. Kwa maoni yangu, ukiwa na mtoto wa chini ya miaka minne chagua kimoja. Na wale wanaopanga yatima, kituo cha twiga cha Lang'ata na ngoma za Bomas siku moja, sijui wana miguu ya nani. Twiga tuliwaacha. Tembo tuliwaendea wiki iliyofuata, tukiwa na nafasi yetu na gari la shemeji.

Kurudi, ondokeni kabla ya saa kumi, kabla nauli haijapanda. Mdogo mpakate, halipiwi. Wangu alilala kabla hatujafika Nyayo, nusu ya hamri bado mkononi.